Tupa

Ukanda wa ngozi umekibana chuma juu ya fuawe,
na ncha yake Deolinda Cascão ameikanyaga
kwa kiatu kilicholika kisigino.
Kulia nyundo, kushoto tindo.
Ta. Jino limeinuka.
Anasogeza tindo upana wa chawa. Ta.
Jingine.
Hapimi, hachori mstari. Redio inasoma bei ya viazi
na yeye anaiitikia kwa nyundo.

Elfu tatu na ushei, upande huu mmoja.
Nilimwuliza kama huwa anahesabu.
"Ukihesabu unakosea. Sikiliza."
Nikasikiliza. Sikusikia kitu ila ta, na ta,
na tawi la msonobari likikwaruza bati.

Upande wa kwanza ukishaota meno
anaugeuza, anaulaza juu ya risasi
(si ile ya bunduki, mama yake, ile laini)
ili meno machanga yasivunjike
wakati ndugu zao wanazaliwa mgongoni.
Kisha chumvi na masizi. Kisha moto,
mpaka chuma kiive wekundu wa komamanga,
kisha wima, majini, chwaa!
Kikipinda, ana pumzi nne za kukinyoosha.
Kikipasuka, hasemi neno.
Kuna ndoo ya vilivyopasuka pale mlangoni;
sijaikuta tupu.

Mashine ya kiwandani hung'ata kwa kasi ya cherehani,
meno yamejipanga gwaride,
kila moja linapita palepale lilipopita la mbele yake,
na mbao inabaki na mifereji.
Ya Deolinda hayafuatani.
Hili limeegemea, lile limechelewa,
na alama ya moja hufutwa na jingine.

Kule Coimbra, Abílio Fragateiro alikuwa akichonga shingo ya gitaa,
mwerezi, unga wake mwekundu hadi kwenye nyusi.
Alifumba macho, akapitisha tupa, akasita.
Akaipapasa kwa kidole gumba:
"Hapa. Vidole vitatu kutoka mkiani. Safu imesongamana.
Alikuwa na nini siku hii?"

Nikalirudisha swali Vieira, kwa basi la saa kumi.
Deolinda akavaa miwani, akaigeuza tupa dirishani.
"Ah. Mwaka msitu ulipoungua.
Moto ulikuwa umevuka barabara, Firmino ananiita nje, ananiita.
Nikasema, acha nimalize safu."
Akavua miwani.
"Ningeiacha nusu, ingekuwa ya nani?"

Sisi chombo hiki tunakiita tupa,
neno lile lile tunalomwambia mtoto
aliyeshika ganda la ndizi.
Yangu ina mpini wa mzeituni, imeanza kushika jasho langu.
Kila nikiitaja, jina lake linaniamuru.
Sitii.