Mwanamke wa Ndani ya Dashibodi

Kila asubuhi, saa kumi na moja na dakika ishirini,
nikizungusha ufunguo, mwanamke huzungumza.
Sauti nyororo, ya mtu aliyelala vyema,
Kijapani kitupu, sentensi moja, kisha kimya.
Miaka miwili nilidhani ananiamkia.
Nami humjibu: Marahaba, binti,
tufikishe salama Mombasa Road.

Gari nililinunua yadini, kando ya Ngong Road.
Kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusi yangu ilikuwa alasiri moja tu:
honi hadi Utawala, soda kwa watoto wa ploti,
Kathure kiti cha mbele kama bibi arusi wa mara ya pili.
Matanga yalipangiwa miezi arobaini na minane.
Kitabu cha gari kiko benki.
Mimi nina ufunguo, wao wana gari.

Juu ya kichwa changu kuna barabara ya wenye haraka,
ya kulipia. Mimi niko chini, kivulini mwake,
nachoma petroli ya mkopo
nikienda kutafuta pesa za kulipa mkopo wa petroli.

Na kadi. Niliiletewa ofisini na kijana wa tai nyembamba:
"Hii si pesa, mkubwa, ni nafasi ya kupumua."
Nikapumua. Magurudumu mawili. Betri. Karo ya Mwende.
Pumzi ikazaa riba,
riba ikazaa, na wanawe wakaniita babu.

Jumapili usiku Kathure alipindua bahasha ya mchango wa kanisa
akapiga mstari katikati.
Anataka vyumba viwili Ruiru, rehani ya miaka ishirini.
"Arbuni yake," alisema,
"ni hili gari, ukitoa deni, ukitoa na haya."
"Dada zangu watasema tumefilisika."
"Wataje kwa majina, tuone ni nani hulipa bima."
Kisha, polepole, bila kuniangalia:
"Linalala usiku kucha hapa, mchana kutwa Upper Hill.
Tunalipia kitanda cha gari
sisi tunaolala kwenye nyumba ya watu."

Usiku huo niliikata kadi
kwa makasi ya shule ya Mwende, yenye ncha butu.
Ilichukua muda. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani.

Jumatano nikampa Bwana Ogega lifti,
fundi wa mitambo kazini, alisomea Osaka zamani.
Nikawasha. Binti akasema yake.
Ogega akacheka mpaka akavua miwani.
"Unajua anasema nini?"
"Ananiamkia."
"Anasema: Hujaingiza kadi."

Injini ikanguruma pale pale, mlinzi ameshafungua geti.
Miaka miwili. Kila alfajiri.
Na mimi: Marahaba, marahaba.

Mnunuzi alikuja Jumamosi kutoka Kitengela, Lemayian,
pamoja na mjomba wa kupiga mateke magurudumu.
Walikubaliana bei kwa macho, mbele yangu, kama sipo.
Benki ikapigiwa simu. Sahihi hapa, na hapa, na hapa.
Kijana akaketi, akasogeza kiti mbele,
akazungusha ufunguo.
"Huyu anasema nini?"
Pochi yake ilikuwa wazi pajani,
kadi mpya ndani yake, haijapata hata mkwaruzo.
Mdomo wangu ulifunguka.
Mjomba alikuwa ananitazama.
"Anakuamkia," nikasema. "Mjibu."

Baada ya benki kuchukua chao, arbuni haikutimia.
Kathure alihesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa Kimeru.
Kwenye kalenda ya duka la nyama akaandika
61,000
na chini yake, kwa penseli:
Agosti?