Hesabu ya Mito Kumi na Miwili

Mchana mimi ni karani wa mizani, ghala la korosho, Newala.
Nasoma namba, naandika namba,
mali za watu zinapita mbele yangu
kama harusi nisiyoalikwa.

Magunia yaliyochanika hutupwa nyuma ya ghala.
Panya huyapenda. Mimi pia.
Nikamwendea mtunza stoo, Bwana Chitanda:
niuzie, na risiti niandikie,
maana hapa kwetu kinachobebwa jioni chini ya kanga
asubuhi kina jina.
Akacheka, "Risiti ya matambara?"
Akaandika. Thelathini, kwa shilingi mia mbili mbili.
Nimeibandika ukutani juu ya cherehani,
pale ambapo wenzangu hubandika vyeti.

Gunia la korosho lina harufu king'ang'anizi:
mafuta, vumbi, mabega ya wapagazi.
Haitoki kwa maji ya kwanza, wala ya pili.
Ya tatu ndipo inaanza kusikia.
Nikaloweka, nikasugua, nikaanika, nikakata,
usiku nikashona, Nasibu mume wangu amelala
mto juu ya kichwa badala ya chini,
akikimbia kelele za mito mingine.

Nilitaka kutarizi maua. Sebule zote zinataka maua.
Mkono ukakataa.
Ukashona ulichokijua: mistari iliyovunjika,
kona, kona, nukta, kona,
kama kwenye shavu la bibi yangu, Binti Namkoko,
shavu nililolisoma
kabla sijafundishwa a, e, i.

Mama Nambinga mwenye gesti akaja,
akautomasa mto kama papai la sokoni.
"Nipe kumi na miwili. Bei?"
Elfu sita, nikasema, mbiombio, kabla hajakunja uso.
Akalipa palepale, hakuomba hata mia ipungue.
Hapo ndipo ningeshtuka.

Sikushtuka. Nikafungua daftari:
mapato, sabini na mbili elfu.
Magunia, sita. Sufi ya Kitangari, ishirini na nne.
Uzi na zipu, kumi na nne.
Imebaki ishirini na nane elfu!
Nikazunguka chumba kizima na mkasi mkononi.

Nasibu, bila kufumbua macho:
"Na maji?"

Maji.
Newala, juu huku kwenye mlima wetu,
maji nayo hupanda kwa nauli.
Ndoo hamsini na nane, mia tano kila ndoo.
Nikajumlisha. Nikajumlisha tena, kwa kalamu nyingine.
Kumbe nilimlipa Mama Nambinga
shilingi elfu moja
ili anichukulie mito yangu.
Na mikesha tisa?
Hiyo haikuwa hata na mstari.

Basi mshahara wa Novemba nikaununulia bati la mfereji
na mapipa matatu, nikayapanga chini ya paa.
Majirani wakauliza kama nimefungua baa.
Desemba ikanyesha. Nikafua magunia kwa maji ya Mungu,
na kwenye daftari, mbele ya neno maji,
nikachora duara, nikalitazama kwa muda mrefu.

Bei mpya: elfu kumi na nne.
Mama Nambinga akaguna, "Mto wa gunia?"
Nikamgeuzia daftari. Akasoma hadi kwenye mikesha,
akachukua minne tu.
Minne hiyo ikanipa faida yangu ya kwanza.

Mmoja nikampelekea bibi.
Macho yake siku hizi ni ya kukadiria mwanga tu,
akapapasa kwa vidole: kona, kona, nukta,
akasimama. Mkono mmoja mtoni, mwingine shavuni.

"Umeniuza shilingi ngapi?"

Nikamtajia, kwa sauti ndogo.
Akafikiri, akitafuna mdomo usio na meno.
"Aliyenichanja alichukua kuku wawili.
Na niliumwa wiki nzima.
Ongeza."

Usiku ule, chini ya uzi, chini ya zipu,
nikaandika: kuku wawili.
Bado sijajua nigawanye kwa mito mingapi.