Karafuu Maiti

Odile Perrachon haiamini lebo.
"Ng'amba," imeandikwa, kwa wino wa mtu aliyekufa zamani.
Anashusha barakoa, anakinusa kitana
kama mtu anayechagua tikiti sokoni:
karafuu maiti.
Si ng'amba, basi. Hakuna kasa aliyevuliwa gamba.
Ni pamba iliyolowekwa tindikali, ikakandwa na kafuri,
ikapakwa madoa ya rangi ya asali
ili mke wa karani wa posta afanane na mke wa hakimu.

Theluji ya Jura imefunika madirisha ya chini.
Watu husema plastiki haifi.
Waje waitazame droo ya arobaini na moja:
mdoli ametokwa na jasho linalonasa glavu,
miwani inanuka siki,
sponji ya spika imekuwa unga, nikipiga chafya imekwisha.
Odile anawatenga kama wagonjwa wa surua.
Lila na fila. Siki huku, kafuri kule,
mdoli peke yake, chali, juu ya karatasi isiyonata.

Chini ya kitana, kadi imeungua bila moto:
jino kwa jino, kivuli cha hudhurungi.
Pini ya shaba imeota kijani.

Alasiri akaja Huguette Janod, miaka tisini na moja,
buti zikidondosha maji sakafuni.
Mama yake ndiye aliyeyapiga msasa meno haya
katika kiwanda ambacho sasa ni maegesho ya magari.
"Mbona hamkiweki kwenye kabati la kioo, watu wakione?"
Odile akamweleza: mwanga unakiua, joto linakiua,
na ukikifungia, kinajiua kwa pumzi yake chenyewe.
Kitakwenda kwenye baridi, nyuzi mbili, sanduku lenye matundu.
Bibi akafikiri.
"Jokofu," akasema. "Mama hakuwahi kuwa nalo."

Kisha akainama, akanusa,
akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa.
"Aproni yake," akasema.

Kati ya jino la sita na la saba umenasa unywele mweusi.
"Huo si wake. Alivitengeneza tu; hakuvaa hata kimoja."

Odile alikuwa amekwisha kushika kibano.
Akakirudisha kwenye trei, akachukua penseli,
akaandika chini ya urefu na uzito:
Unywele, mmoja. Uachwe.