Penseli ya Marehemu Haddow

Sanduku limefika na gari la maziwa,
limekazwa kamba ya kufungia marobota ya sufu.
Julai, Tasmania; maji ya ubatizo yameganda.
Kasisi Lyall anakata kamba kwa kisu cha mkate:
vitabu vya ufafanuzi, arobaini na viwili,
vinanuka kafuri na tumbaku.
"Vya marehemu mume wangu," ameandika Bi Merle.
"Mimi macho yamekwisha, navyo vinakula nafasi ya kuni."

Jumapili iliyopita walikuja saba,
wa nane mbwa wa Dorrie, msikivu kuliko wote.
Barua ya kujiuzulu, kwa askofu,
iko chini ya kopo la majani ya chai.
Haina sahihi.

Anafunua aya iliyomshinda tangu Jumanne.
Pembezoni, kwa penseli, mwandiko unaotetemeka:
"Hapa sikuelewa. Nikawaambia hivyo.
Mzee Quill alilia. Wiki ya pili akarudi."

Nje kondoo wanakohoa kama watu.
Lyall anachonga penseli,
anaandika tarehe, kisha: "Hata mimi."

Barua hakuichoma; kuni bado zipo.
Anaanza tena aya, kwa sauti,
polepole,
kama anayesomea saba
na mbwa.