Kati ya Shavu na Ufizi

Bi Kalunde wa duka la dawa, pale Urambo mkabala na stesheni,
aliisukuma pakiti juu ya kioo, kidole bado kimeishikilia:
"Hii si bigijii ya watoto wa shule, Mzee Ntabo.
Ukiitafuna kama mahindi ya kuchoma, itakutafuna."

Akauliza sigara ya kwanza naivuta saa ngapi.
Nikasema: kabla ya mswaki. Kabla ya kumwamkia mke.
Akairudisha ile pakiti, akaleta yenye nguvu zaidi.

Maelekezo niliyaandika nyuma ya stakabadhi ya mnada wa mwaka jana,
mgongoni mwa kilo na gredi za tumbaku yangu mwenyewe:
tafuna polepole mpaka pilipili iamke,
hapo acha. Ilaze kati ya shavu na ufizi
kama neno ulilokatazwa kusema.
Pilipili ikisinzia, iamshe tena. Nusu saa, basi.
Kahawa kaa nayo mbali robo saa kabla. Soda vilevile.

Siku ya kwanza sikusikia la mtu.
Nilitafuna kwa uchu wa miaka thelathini na moja,
mate yote nikameza,
na kwikwi ikanishika mkutanoni, chama cha msingi,
katikati ya hoja ya deni la mbolea.
Kwi! Mwenyekiti akaandika kwamba napinga.
Kiungulia kikapanda, taya likauma
kana kwamba nimebeba magogo ya bani kwa meno.

Kisha kichefuchefu.
Nikashika nguzo ya ghala. Nikakitambua.

Nina miaka tisa. Umande hadi kifuani,
nimekumbatia majani mabichi, shati limelowa,
kichwa kinazunguka, natapika uji kwenye tuta,
na baba anasema: jua hilo, utazoea.
Jua lilikuwa halijachomoza.

Kumbe ni yule yule.
Aliingia kwa ngozi kabla hajaingia kwa moshi,
na leo amepita mlango wa tatu, ananukia mnanaa.

Ila safari hii nampimia mimi.
Wiki ya sita: kumi na mbili kwa siku zimekuwa saba.
Sigara juu yake, hapana.
Moyo ukienda mbio naitema, nakunywa maji, nakaa.
Na siitupi ovyo; naifunga kwenye karatasi yake,
maana juzi mjukuu wangu Shoma aliokota moja uani,
akaipeleka mdomoni akicheka.
Nyanzobe alimdaka mkono. Kwangu hakusema kitu
hadi usiku.
Sasa pakiti inalala kabatini, ufunguo anao yeye.

Bani la jirani linafuka.
Kesho tunachuma shamba la chini, alfajiri, kabla umande haujakauka,
na deni la mbolea liko pale pale.
Nimenunua glovu, jozi mbili:
yangu,
na ya yule kijana wa kibarua anayetapika kila asubuhi
na kuniambia, mzee, ni jua.