Mpira wa Rejeta

Kalamu ya biki ina pembe sita.
Niliishikia juu ya mshumaa, nikaivuta polepole
ikawa nyembamba kuliko njiti ya kiberiti,
na pembe zimo vilevile, sita.
Nikakata kwa wembe, chembe kwa chembe:
nati.
Moja iliruka. Hadi leo naitafuta mkekani.

Mipira nimeivua kwenye waya wa simu
uliotupwa Makupa, mweusi, laini;
ndani nimepitisha uzi wa shaba
ili ukipindwa ukae ulivyopindwa.
Klipu ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.
Breki nimezivika uzi wa kusukia wa Mwanaidi,
naye kauhesabu, kajua.

"Na boneti ukishaifunga," aniuliza, "nani ataona?"

Feni nimeizima, nati zisipeperuke.
Joto la Kibokoni lanitiririka shingoni
na kucha zangu zimegandana kwa gundi.

Hii ni Pijo ya baba, siku ile
mpira wa juu ulipopasuka mlimani Mazeras,
mvuke ukatumeza pamoja na mbuzi wa arusi,
na baiskeli yangu mpya juu ya keria.
Baba aliishusha bila kunitazama.
Akachomoa tyubu, akaichana ukanda,
akafunga, akakaza kwa meno.
Nililia hadi Voi.

Sasa nimechana glovu, ukanda kama unywele,
naufunga palepale, kwenye mpira wa juu.
Nakaza kwa kibano;
meno madogo hivyo sina.

Kisha naifunga boneti.