Mshenga

Uzi wenyewe huuoni.
Umo ndani ya tone, kwenye kichupa
nilichokilaza wiki nzima katika friji la Bi Nachuma
kati ya soda na barafu za ubuyu,
maana umeme wa shule yetu hapa Ruangwa
huondoka bila kuaga.

Ni uzi wa vinasaba. Nimeutunga kama shanga,
herufi nne tu: A na T, G na C.
A humchukua T, G humchukua C,
ndiyo mila yao tangu uhai uanze.
T kwa T hawaoani. Wakalishe mkeka mmoja,
watapeana migongo.

Mpaka aje zebaki,
mshenga asiyetumwa na mtu.
Hujipenyeza katikati, huwashika mikono wote wawili,
na uzi uliokuwa umelegea unajikunja
ncha kwa ncha,
na kijitaa nilichokifunga mwishoni
kinazimika.

Kwa hiyo, Chilumba, nilimwambia kaka yangu,
usitafute kinachowaka. Tafuta giza.

Aliiacha mikorosho ya baba mwaka ule bei ilipoanguka,
akaenda kwenye maduara. Sasa anachenjua:
karasha linasaga, yeye anakanda tope ndani ya karai
kwa mikono mitupu,
kisha anakichoma kile kidonge cheupe
juu ya kikaango cha nyumbani.
Jioni mama hukisugua kwa majivu.

Nikapanga vichupa, nikafunga madirisha,
nikawasha tochi ya zambarau.
Maji ya mvua: kijani, kama jicho la paka.
Maji ya bomba: kijani.
Kijito, juu ya mashimo: kijani, nikashusha pumzi mapema mno.
Kijito, chini ya marudio.

Nilirudia mara tatu. Huenda uzi umeharibika kwa joto,
huenda Bi Nachuma alizima friji usiku.
Nilitamani kosa liwe langu.

Cha mwisho alikileta mwenyewe, maji ya ndoo ya mama,
mkono ukitetemeka hadi nusu yakamwagikia viatu.
"Baridi tu hii," akasema.
Ruangwa. Desemba. Saa saba mchana.

Tukakitazama kikififia.
Kwa muda hakusema kitu, halafu:
"Na dhahabu je? Huyo T wako, dhahabu haitaki?"

Sikucheka. Niliandika tarehe, nikaandika saa,
nikafunika kalamu.
Kikaango, nikamwambia.
Kwanza kaniletee kikaango.